Unauguza Mgonjwa Nyumbani? Jua Pa Kupata Msaada na Jinsi ya Kupanga Pesa Zake

Somo la leo ni la wewe unayeamka usiku kumgeuza mgonjwa, kumpa dawa na kumbadilisha nguo, na bado asubuhi unatakiwa shambani au dukani.

Tuchukue mfano. Dada mmoja wa Minjila anamuuguza mama yake aliyepata kiharusi. Kaka yake yuko Mombasa, mdogo wao anafanya kazi Saudia. Wote hutuma pesa. Dawa zinanunuliwa, nauli ya kliniki Malindi inalipwa, nepi za watu wazima zinaisha kila wiki. Halafu siku moja swali linatua kwenye simu: "Kwani zile pesa zinaenda wapi?" Hakuna aliyeiba, lakini hakuna aliyeandika. Kutoka hapo ndugu wananuniana, na anayeumia zaidi ni mama.

Hebu tuone jinsi ya kuepuka hayo, na msaada mwingine unaoweza kuupata.

1. Tenga pesa za mgonjwa na zako

Zikichanganyika na za unga na karo, hutaweza kuzieleza. Ziweke kwenye akiba ya simu, au tumia laini nyingine iliyosajiliwa kwa jina lako kwa kazi hiyo tu. Inapowezekana, lipa duka la dawa moja kwa moja kwa simu. Ujumbe unaorudi ndio risiti yako. Ukilazimika kutoa pesa taslimu, angalia kwanza jedwali la ada kwa wakala: kutoa 500 mara nne hugharimu zaidi kuliko kutoa 2,000 mara moja.

Mwisho wa mwezi, itisha taarifa ya akaunti na uwatumie ndugu. Usingoje kuulizwa. Na hapo sema pia kile ambacho taarifa haionyeshi: siku ulizokosa kibarua. Hiyo nayo ni mchango wako.

2. Namba ya siri ya mgonjwa ni yake

Wengi hutumia simu ya mzazi na namba yake ya siri "kwa sababu macho hayaoni vizuri." Tunaelewa, lakini ni hatari. Pesa zikipotea, utashindwa kujitetea. Kama bado anajiweza, mwache abonyeze mwenyewe ukimsomea ujumbe. Kama hawezi tena, waombe ndugu watume kwenye laini yako, na wote wajue hivyo.

3. Bisha milango ya serikali

*Inua Jamii.* Mpango huu hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kaya zenye yatima, na watu wenye ulemavu mkubwa. Kwa ulemavu mkubwa, yaani mtu anayehitaji kuhudumiwa muda wote, malipo hupokelewa na mlezi kwa niaba yake. Usajili hufunguliwa kwa awamu, kwa hivyo muulize chifu au afisa wa maendeleo ya jamii mapema, ukiwa na vitambulisho vyenu vyote viwili. Laini ya bure ya maswali ni 1533.

*SHA.* Tangu Oktoba 2024, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Jisajili kwa *147#. Kwa asiye na mshahara, mchango hutegemea tathmini ya kipato, na wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Weka kidogo kidogo kwenye akiba kuanzia sasa, badala ya kukimbizana na deni siku ya kulazwa.

*Kadi ya ulemavu.* Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili baada ya mgonjwa kupimwa katika hospitali ya serikali. Uliza kituo chako cha afya upimaji unafanyika wapi.

*Mhudumu wa afya wa kijijini.* Tangu 2023 wahudumu hawa wamepewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Muombe apitie nyumbani. Safari moja ya Hola au Malindi ikiepukika, nauli hiyo inanunua dawa.

4. Jihadhari na matapeli

Kujisajili kwa Inua Jamii hakulipiwi. Mtu akikupigia akisema "tuma 500 tukuingize kwenye orodha," kata simu. Nasi hatutakuuliza namba yako ya siri kamwe, hata kidogo.

5. Jiandae kabla ya mvua

Wakazi wa Minjila mnajua: Mto Tana ukifurika, barabara hukatika. Masika na vuli zikikaribia, nunua dawa za wiki kadhaa, weka simu na betri ya akiba zikiwa zimejaa chaji, na uwe na pesa taslimu kidogo ndani, maana hata wakala hukosa pesa gari lisipofika.

6. Na wewe je?

Mwenye kuuguza naye huchoka. Anayeishi mbali anaweza kukupa zaidi ya pesa ya dawa: amlipe jirani akae na mgonjwa siku moja kwa wiki, nawe ulale, uende sokoni au kwenye chama. Liombe waziwazi, kwa kiasi na siku. "Nisaidieni" husahaulika haraka. "Ijumaa nahitaji 400 ya mtu wa kukaa na mama" hujibiwa.

Kazi ya wiki hii: chukua daftari, andika matumizi ya mgonjwa kwa siku saba, kisha piga hesabu ya mwezi na uwatumie ndugu zako wote kwa siku moja. Mazungumzo yaanze hapo, kabla swali halijaja.

Pole kwa kuuguza, na Mungu ampe nafuu mgonjwa wako.