Washington wakati baridi inaisha

Katika vitabu vya Kifaransa tunakutana kila mara na neno "printemps", na wengi wetu tunalipita mbio tu. Hapa kwetu tuko na wakati wa mvua na wakati wa jua, basi. Lakini katika somo la jografia swali lilitoka: kama baridi inaisha kule, watu wa muji mukubwa wanafanya nini? Hatuwezi kujibu kwa miji yote ya dunia. Tunachukua mumoja, Washington, muji mukuu wa Marekani, kwa sababu kule mwanzo wa majira ya kuchipuka uko na kazi moja inayojulikana mbali: watu wanakwenda kuangalia maua ya miti. Matunda ya kula hayako, ni maua ya kuangalia tu. Wengine katika darasa walicheka. Tutaona kama kuna sababu ya kucheka.

Tuanze na jua. Dunia inazunguka jua ikiwa imeinama, digri 23 na nusu. Ekwata inapita katika inchi yetu, ndiyo maana muchana wetu na usiku wetu vinakaribia kulingana mwaka muzima. Washington iko digri 39 upande wa kaskazini. Kule, mwezi wa kumi na mbili, jua linachelewa kutoka na linashuka mapema, na miti mingi inaangusha majani yote, inasimama sawa kuni kavu. Mutu asiyejua angesema imekufa. Karibu na tarehe 20 ya mwezi wa tatu muchana na usiku vinalingana, na kutoka pale muchana unazidi kidogo kidogo. Muti wa cheri wa Japani, wenye Wajapani wanauita sakura, ulikwisha kutengeneza macho ya maua yake tangu joto la mwaka uliopita. Unapaswa kwanza kulala katika baridi, kisha joto liuamushe. Maua yanatoka mbele ya majani, meupe yenye wekundu kidogo, na muti muzima unakuwa sawa wingu.

Miti hiyo iko mingi kando ya Tidal Basin, ziwa dogo lililochimbwa na watu karibu na mto Potomac. Kulizunguka kwa miguu ni karibu kilometa 3 na nusu. Hakuna anayelipisha. Lakini watu wanajaa sana, ni afadhali kufika asubuhi wakati jua linatoka, mbele ya wenye kupiga picha kuziba njia. Kupanda muti ao kuvunja tawi ni kosa.

Magumu ni kujua siku gani. Wakubwa wa mbuga za taifa wanasema maua yamefika ile siku maua 70 kwa 100 ya aina ya Yoshino yamefunguka. Wako na daftari la tarehe hizo tangu mwaka wa 1921. Mwaka wa 1990 ilikuwa tarehe 15 ya mwezi wa tatu. Mwaka wa 1958 ilikuwa tarehe 18 ya mwezi wa ine. Ona tofauti hiyo! Mutu mwenye ananunua tiketi ya ndege miezi sita mbele anaweza kufika na kukuta matawi matupu. Mwaka wa 2017 baridi kali ilirudi wakati maua yalikuwa karibu kufunguka, na karibu nusu ya maua ya Yoshino yaliharibika. Kwa hiyo koti lisibaki nyumbani. Mwenye kuchelewa asilie sana: kuna aina ingine, Kwanzan, yenye maua mekundu-meupe ya kujaa, inafuata kama majuma mawili nyuma, na iko mingi East Potomac Park.

Sasa, ile miti ilifika namna gani? Hapa habari ni ya kupendeza, na wanafunzi wamo ndani. Mwanamuke mumoja muandishi, Eliza Scidmore, alikuwa ameona sakura kule Japani. Alirudi Washington mwaka wa 1885 na kuomba wakubwa waipande kando ya mto. Hawakumusikia. Aliomba zaidi ya miaka makumi mbili. Mwaka wa 1908 mutaalamu wa mimea, David Fairchild, mwenye alikuwa ameagiza sakura na kuipanda kwake, aligawia watoto wa shule za muji miti midogo, waipande katika viwanja vya shule zao. Mwaka uliofuata Scidmore aliandikia muke wa raisi, Helen Taft, na yeye akakubali.

Muji wa Tokyo ukatoa zawadi ya miti 2.000. Ilifika Washington mwezi wa kwanza wa mwaka wa 1910. Watu wa kilimo wakaichungulia, wakakuta wadudu na magonjwa katika mizizi na maganda. Wafanye nini? Zawadi ya inchi ingine, kuikataa ni haya kubwa. Lakini raisi Taft alikubali, na tarehe 28 ya mwezi ule miti yote ikachomwa moto.

Wengine watasema ile ilikuwa ukali bila sababu. Sisi watu wa Congo hatupaswi kusema vile. Tuulize wazazi wetu juu ya muhogo. Mwaka wa 1973 kadudu keupe kalikotoka Amerika ya Kusini kalionekana upande wa Kinshasa, kakaenea, kakakausha mashamba katika inchi nyingi za Afrika. Kalishindwa tu wakati wataalamu walileta nyigu mudogo, adui yake wa asili, kutoka Paraguay. Mutu aliyeona majani ya sombe yakijikunja na kukauka anaelewa mara moja kwa nini zawadi ilichomwa.

Na Wajapani hawakukasirika. Walikuza miti mipya kwa uangalifu, wakatuma 3.020. Tarehe 27 ya mwezi wa tatu 1912, Helen Taft na muke wa balozi wa Japani walipanda miwili ya kwanza. Mwaka wa 1927 watoto wa shule waliigiza ile siku ya kupanda, na kutoka pale sherehe ilikua mupaka leo. Kisha zawadi ilirudi ilipotoka: mwaka wa 1952 Wamarekani walituma matawi ya kupanda Tokyo, kwa sababu sakura ya kule, mama wa ile ya Washington, ilikuwa imezorota katika miaka ya vita. Vita ile ilikuwa kati ya inchi hizo hizo mbili.

Tunarudi kwa mutembezi wetu. Miguu ikichoka, kuna metro, iliyofunguliwa mwaka wa 1976. Ikinyesha, kuna nyumba za makumbusho za Smithsonian, na kuingia ni bure. Pesa za kwanza ziliachwa na Muingereza, James Smithson, ambaye hakukanyaga Marekani hata siku moja. Kwetu sisi, ya kutafuta kwanza ni ile ya sanaa ya Afrika: akiba yake ya picha ina zile Eliot Elisofon alizopiga katika inchi yetu, pamoja na mufalme wa Bakuba mwaka wa 1947. Ya pili ni ile ya historia ya Wamarekani weusi, iliyofunguliwa mwaka wa 2016. Hiyo haiishi kwa siku moja. Katika siku za maua kuna vilevile sherehe ya tiara, ndiyo vile vyombo vya karatasi ao kitambaa na vijiti vinavyopanda kwa upepo na kamba. Ilianza mwaka wa 1967. Watoto wetu wanatengeneza vya namna hiyo na mifuko ya plastiki, hatuna lazima ya kueleza sana.

Kando ya ziwa, katikati ya sakura, iko sanamu ya pasta Martin Luther King, tangu mwaka wa 2011. Tarehe 31 ya mwezi wa tatu 1968 alihubiri katika kanisa kubwa la Washington. Ilikuwa mahubiri yake ya mwisho ya siku ya Mungu. Siku ine nyuma yake akapigwa risasi Memphis. Miaka mingi maua yanafunguka karibu na tarehe hizo.

Tuko na jambo moja bado, nalo si la furaha. Mto Potomac unapanda na kushuka na maji ya bahari mara mbili kwa siku. Tidal Basin ilichimbwa ili kutumia nguvu hiyo: maji yakipanda milango inayaingiza, yakishuka yanatokea upande mwingine na kusukuma matope katika njia ya meli. Akili nzuri. Lakini ukuta wa mawe wa kando umezama katika udongo mulaini, na maji yamepanda. Maji yalikuwa yakifunika njia na kufikia mizizi kila siku, hata bila mvua. Mwaka wa 2024 ilianza kazi ya kujenga ukuta upya, mradi wa dola milioni 113, na karibu miti 140 ya cheri ilikatwa. Mumoja wao, muzee mwenye tumbo wazi, watu walimuita Stumpy, ni kusema Kisiki, na walikuja wengi kumuaga. Wataalamu walikata vitawi vyake ili kukuza wengine. Japani iliahidi miti mipya 250. Na daftari la tarehe linaonyesha kitu kingine: tangu 1921 maua yametangulia karibu juma moja. Mwaka wa 2024 yalifika tarehe 17 ya mwezi wa tatu.

Kazi ya nyumbani. Hapa shuleni tuko na maembe, avoka, na ule muti mukubwa wa maua mekundu mbele ya kapela. Kila darasa lichague muti mumoja. Muandike katika daftari tarehe ya ua la kwanza, na tarehe ambapo muti umejaa maua. Muongeze mvua ya mwisho ilikuwa siku gani. Daftari zitakusanywa kwa mwalimu wa jografia mwisho wa mwaka, na nambari hizo zitaandikwa katika gazeti letu. Darasa litakalokuja litaendelea na muti ule ule.