Mfuko wa Bure Ulilipwa na Nani?

Ndugu mkulima, sheria za kuhifadhi ardhi na maji hudhaniwa kuwa ni mambo ya watu wa mjini. Sivyo. Hebu tuchunguze sheria moja uijuayo, tuone gharama yake humwangukia nani.

Tarehe 28 Februari 2017 Serikali ilitangaza kwamba baada ya miezi sita itakuwa marufuku kutengeneza, kuingiza nchini au kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, yaani majuala. Sheria ilianza tarehe 28 Agosti 2017. Mwenye kuivunja aweza kutozwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kufungwa mwaka 1 hadi miaka 4, au yote mawili.

Kwanza, wenye viwanda. Waliotengeneza majuala walipata hasara, na baadhi ya wafanyakazi wao wakakosa kazi. Jambo hili halifai kufichwa. Lakini washonaji wa mifuko ya nguo na wasukaji wa vikapu na viondo walipata soko.

Pili, mnunuzi. Zamani alipewa juala bure dukani. Sasa hununua mfuko. Tufanye hesabu. Tuseme kikapu ni shilingi 100, nacho chadumu mwaka mmoja. Ukienda sokoni mara moja kila juma, ni safari 52. Basi kila safari yagharimu chini ya shilingi 2.

Tatu, wewe mfugaji. Juala lililotupwa hupeperushwa hadi malishoni. Ng'ombe akilimeza, halisagiki tumboni. Yakizidi kuwa mengi, chakula hukosa nafasi. Ng'ombe hukonda, maziwa hupungua, na mwisho aweza kufa. Kwa hiyo mfuko ule haukuwa wa bure: mwenye ng'ombe ndiye aliyeulipia.

Basi fanya hivi:
1. Peleka mboga sokoni kwa kikapu, kreti au gunia.
2. Usikubali majuala yauzwayo kwa siri. Faini yake yaweza kumaliza mavuno ya miaka mingi.
3. Okota yaliyobaki shambani kabla ya kufungulia mifugo.

Maswali ya kujadiliana katika chama chenu cha ushirika:
(a) Kikapu cha shilingi 150 kikidumu miaka miwili, kila safari ya juma ni senti ngapi?
(b) Ng'ombe mmoja wa maziwa akifa, hasara yake yatosha kununua vikapu vingapi?