Shauri la Ardhi ya Wameru

Watoto wetu hulikuta neno ulowezi katika vitabu vya historia, wakalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakalisahau. Wazazi tunaweza kuwasaidia kwa kuwasimulia habari za mahali pamoja tu: Ngarenanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliwagawia walowezi ardhi nzuri iliyo chini ya mlima huo. Baadhi yao walikuwa Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Mashamba yale yaliuzunguka mlima kama mshipi. Wameru wakabanwa huko juu, na ng'ombe wao wakakosa njia ya kushukia malishoni. Waingereza walipoishika nchi, Wameru walichanga fedha wakanunua mashamba huko Ngarenanyuki. Ardhi ya babu zao waliinunua kwa mlowezi, nao hawakuona haya kufanya hivyo, maana walitaka amani.

Mwaka 1947 ilitolewa taarifa ya Jaji Mark Wilson, aliyetumwa na Serikali kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi. Alishauri kwamba Wameru waondoke Ngarenanyuki, ili mahali pale paungane na mashamba ya Wazungu na kuwa eneo moja la ufugaji wa kisasa. Wao wangepewa ardhi nyingine huko King'ori, kwenye joto zaidi. Sababu iliyotolewa ilikuwa maendeleo: kwamba Mzungu ataitumia ardhi vizuri zaidi. Msomaji aiangalie sana hoja hiyo, kwa kuwa ni hoja ya adabu, haina matusi ndani yake, na ndiyo iliyowatoa watu majumbani mwao. Wameru walikataa. Mwezi Novemba 1951 askari walifika. Nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakahamishwa. Fidia waliikataa, na wengi hawakukubali kwenda kukaa King'ori.

Sasa wangemlilia nani? Hapa yatupasa kukumbuka jambo ambalo wengi hulipita. Kenya ilikuwa koloni tangu mwaka 1920, na mwenye kunyang'anywa shamba huko hakuwa na mahali pa kupeleka shauri lake zaidi ya London. Tanganyika haikuwa koloni. Baada ya vita ile Uingereza ilikabidhiwa nchi hii na Shirikisho la Mataifa, na tangu mwaka 1946 iliitawala chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mdhamini, kama mlezi wa yatima, huulizwa habari za mali aliyokabidhiwa. Haki hiyo ilikuwa imeandikwa katika mikataba. Wameru waliishika wakaifanyia kazi.

Walichanga fedha kwa mara nyingine. Wakamchagua kijana wao, Kirilo Japhet, afuatane na wakili Earle Seaton, mtu mweusi mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Katikati ya mwaka 1952 watu hao wawili walisimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York. Kirilo akawa Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kulieleza Baraza hilo shida za watu wake kwa kinywa chake mwenyewe.

Tusiwadanganye watoto: shauri lilishindwa. Baraza lilisikitika kwamba watu waliondolewa bila ridhaa yao, lakini halikuwarudishia ardhi. Mwezi Desemba mwaka ule ule jambo lilifika mbele ya Mkutano Mkuu, na azimio la kuwatetea Wameru halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajiwa. Wakati huo huko Kenya, ambako wenye kudai mashamba hawakuwa na Baraza la kuliendea, hali ya hatari ilikuwa imekwisha kutangazwa tangu tarehe 20 Oktoba, na damu ilikuwa ikimwagika.

Lakini Kirilo aliporudi hakukaa kimya. Alizunguka nchini akieleza aliyoyaona, na watu wa makabila yaliyokuwa hayajapata kumwona Mmeru wakasikiliza. Mkulima wa mbali alijiuliza: ikiwa wale waliolipa kodi na kununua ardhi kwa fedha yao wamehamishwa, mimi nina nini cha kunilinda? Swali hilo halikuwa la kabila moja tena. Tarehe 7 Julai 1954 kilizaliwa chama cha TANU, na tangu mwanzo kilisema kwa jina la nchi nzima. Tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini, huko huko New York. Safari hii hayakuombwa mashamba ya Ngarenanyuki peke yake, iliombwa Tanganyika.