Mizizi ya Kigiriki na Kilatini katika Istilahi za Sayansi: Mtazamo wa Kimofolojia

Makala haya yanajadili nafasi ya mizizi ya Kigiriki na Kilatini katika kuzielewa istilahi za sayansi. Hoja yake ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili tayari anayo nyenzo ya kazi hiyo, yaani mofolojia, ingawa nyenzo yenyewe ina makali kuwili.

Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hufundishwa sayansi kwa Kiingereza, na aghalabu huyakariri majina yake marefu kama akaririvyo nambari za simu. Ilhali mwanafunzi huyo huyo, katika kipindi cha Kiswahili, hulichanganua neno "hawatamsomea" mpaka kila kiambishi kijulikane dhima yake. Stadi hiyo huachwa mlangoni mwa maabara.

Zitazamwe istilahi haipoglisemia na haipaglisemia, ambazo hutofautiana kwa irabu moja tu. Katika Kigiriki "hypo" ni chini ya, "hyper" ni juu ya, "glykys" ni tamu na "haima" ni damu. Ya kwanza, basi, ni hali ya sukari kupungua mno katika damu. Ya pili ni kuzidi kwake. Mgonjwa wa kisukari aliyepungukiwa na sukari akidungwa insulini kwa sababu mhudumu amekanganya majina hayo, anaweza kupoteza maisha, kwani insulini huishusha sukari zaidi. (Umbo "haipo" la Kiswahili linafaa kama kumbukizi: sukari ya kutosha haipo. Hata hivyo, hiyo ni sadfa wala si etimolojia, kama vile "soma" iliyo katika kromosomu, yenye maana ya mwili, isivyohusiana na kusoma.)

Mahali pa kulikatia neno napo pana mitego. Wengi hulikata neno helikopta baada ya "heli", kumbe limeundwa kwa "helix", kitu kilichojiviringa, na "pteron", bawa. Bawa hilo ndilo lililomo katika Diptera, wenye mabawa mawili, oda ya wadudu inayojumuisha nzi na mbu. Waswahili wasiwacheke wengine. Kitabu ni neno lenye asili ya Kiarabu, ambamo k, t na b ni konsonanti za mzizi, kama zinavyojitokeza katika katibu na maktaba. Kiswahili kiliichukulia "ki" kuwa kiambishi cha ngeli, kikapata vitabu. Kwa sarufi ya Kiswahili huo ni uundaji halali kabisa. Kwa mwenye kutafuta asili, ni upotovu.

Aidha, mzizi hueleza alivyoamini aliyetoa jina, si lazima ueleze kitu kilivyo. Lavoisier, mwanakemia Mfaransa wa karne ya 18, aliliunda jina oksijeni kutokana na "oxys", kali, na "gen", zaa, akidhani kuwa gesi hiyo ndiyo chanzo cha asidi zote. Asidi hidrokloriki, ambayo imo tumboni mwa binadamu, haina oksijeni hata chembe. Nadharia iliporomoka, jina likabaki. Hali kadhalika atomi, "isiyogawanyika", ilikwisha kugawanywa.

Kwa upande wa Kiswahili, waundaji wa istilahi wametumia njia mbili: kutohoa, kama katika haidrojeni, na kutafsiri mizizi, kama katika usanisinuru. Njia ya pili humpa mwanafunzi nuru anayoifahamu, japo "usanisi" wenyewe huhitaji kuelezwa. Mwalimu anaweza kuliandika neno hilo ubaoni, na chini yake aandike "photo" na "synthesis", kisha aunganishe kila sehemu na mwenziwe kwa mstari. Mistari hiyo itapishana, kwa kuwa Kigiriki hutanguliza kikumushi, nuru, ilhali Kiswahili hutanguliza nomino kuu, usanisi.