Somo la Kiingereza: Kusimulia Mambo Yaliyopita

Ndugu mwanafunzi, ukisimulia hadithi kwa Kiingereza, chunga vitenzi vyako. Tuchukue mfano wa hapa hapa Kwihara.

David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Kwihara, wakafika Oktoba. Hapo walimkuta Mwingereza Cameron.

1. Matukio yanayofuatana: "They reached Kwihara, rested and went on to Bagamoyo." Sisi tuna "-ka-": walifika, wakapumzika, wakaendelea. Kiingereza hakina, kila kitenzi hubaki katika wakati uliopita.

2. Jambo lililokuwa likiendelea: "Cameron was staying there." Alikuwa akikaa hapo.

3. Jambo lililotangulia: "Livingstone had died." Alikuwa amekwisha kufa.

Sasa soma hii: "When they reached Kwihara, Livingstone died." Msomaji atadhani alifia Kwihara, na kwamba wale wachukuzi walileta mgonjwa! Ukiandika "had died", kazi yao ya miezi mingi haipotei.

Zoezi: Muulize mzee wako safari moja aliyowahi kwenda, kisha uiandike kwa sentensi tano, ukitumia namna zote tatu.