MOTOKARI YA HIBRIDI ILIYOTEMBEA SANA: TUIPIME KAMA MUGONJWA



Katika motokari za okazioni zinazotoka Japani kuna zile za hibridi, kama Toyota Prius. Muuzishaji anasema: «Inakunywa esansi kidogo.» Hasemi uongo. Lakini kontere inaonyesha kilometa 250 000, na feza anayotaka ni ile muliyoweka kwa masomo ya watoto. Tukubali ao tukatae?

Shauri hili linafaa ukurasa wa usalama na afya kwa sababu mbili: jamaa iliyomaliza feza yake inakula vibaya, na umeme wa motokari hii unaweza kuua.

1. Hibridi ni nini?

Ni motokari yenye motere mbili: moja ya esansi, nyingine ya umeme. Munapofunga freni ao kuteremuka kilima, motere ya umeme inageuka dinamo na kurudisha umeme katika batri kubwa. Kwa hiyo faida yake inaonekana sana mujini, pahali pa kusimama-simama. Katika safari ndefu, kama Lubumbashi mpaka Likasi, faida inapunguka.

Prius ya kwanza iliuzishwa Japani mwaka 1997. Zile za kizazi cha pili na cha tatu, zilizoanza mwaka 2003 na 2009, zina batri kubwa nyuma ya kiti cha nyuma. Batri hiyo ina vipande 28, kila kimoja cha volti 7,2. Pamoja ni volti 201,6. Ni kama watu 28 wanaobeba reli moja: mumoja akilegea, wote wanalemewa.

2. Kilometa hazisemi yote

Munganga hahukumu mugonjwa kwa miaka yake tu. Batri inachoka kwa kilometa, lakini vilevile kwa miaka na kwa joto. Motokari iliyotembea sana na kutunzwa vizuri inaweza kuwa na afya kuliko ile iliyosimama miaka katika jua.

Tena, kontere inaweza kurudishwa nyuma. Mutazame kanyagio za miguu, usukani na kiti cha dereva. Vikiwa vimekwisha kabisa na kontere inasema kilometa 80 000, kuna mutu anayedanganya. Muombe makaratasi yote ya zamani, mulinganishe tarehe na kilometa.

3. Namna ya kupima

a) Mufike asubuhi, motere ikiwa baridi. Muuzishaji asiiwashe mbele yenu kufika. Katika Prius ya kizazi cha tatu, motere ikitetemeka na kugonga inapowaka baridi, pengine maji yanaingia ndani ya silinda. Matengenezo yake ni ya bei kali. Mutazame pia kama maji ya radiatere yamepunguka.

b) Mutazame tablo. Taa za hatari zinapashwa kuwaka wakati wa kufungua, kisha kuzimika. Taa isiyowaka hata kidogo inaweza kuwa imefichwa kwa kusudi.

c) Mumulete fundi mwenye mashini ya kusoma makosa. Alama P0A80 maana yake ni batri kubwa imechoka. Hata kama alama haiko, alinganishe volti za vipande wakati motokari inapanda kilima. Kimoja kikishuka sana kuliko wenzake, ndicho mugonjwa.

d) Mutembeze motokari nusu saa na zaidi, na watu wane ndani. Picha ya batri kwenye tablo ikipanda na kushuka upesi-upesi, batri haina nguvu tena. Pompu ya freni ikilia kila mara bila kukanyagwa, muwe na mashaka.

e) Mutazame tundu la hewa pembeni ya kiti cha nyuma. Hapo vantilatere inavuta hewa ya kupoza batri. Vumbi letu la kiangazi linaliziba, na batri inakufa kwa joto.

4. Tufanye hesabu kwa litre

Bei inabadilika, basi tuhesabu kwa litre. Tuseme munatembea kilometa 1 000 kwa mwezi. Motokari ya kawaida inakunywa litre 9 kwa kilometa 100: ni litre 90. Hibridi inakunywa 5: ni litre 50. Faida ni litre 40 kwa mwezi, yaani 480 kwa mwaka.

Sasa muulize fundi bei ya batri, muigeuze kuwa litre. Ikiwa ni sawa na litre 960, faida ya miaka miwili nzima itakwisha kwa batri peke yake. Feza hiyo muiwe nayo pembeni siku ya kununua. Asiyekuwa nayo, aache.

5. Hatari ndani ya nyumba

Nyaya nene za rangi ya machungwa zina umeme mukubwa. Katika kizazi cha tatu unaweza kufika volti 650. Musiziguse, musizikate. Hata kisha kutoa kifungo cha usalama cha batri, fundi anapashwa kungoja dakika 10 na kuvaa mifuko ya mikono ya mupira iliyopimwa kwa umeme. Fundi asiyejua jambo hili, musimupe motokari yenu.

Motokari ikiwa kwenye READY na kimya, musifikiri imezimika. Motere ya esansi inaweza kuwaka yenyewe. Katika garaji iliyofungwa, moshi wake unaua mutu akiwa usingizini.

6. Musaada wa kwanza

Mutu akipigwa na umeme, musimuguse. Mukate umeme, ao mumutenge na waya kwa muti mukavu. Asipopumua, musukume kifua chake mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha, na kutuma mutu kuita musaada. Akiamka na kusema «niko muzuri», mumulete lopitali vilevile, kwa sababu moyo unaweza kuharibika nyuma.

Maji ya batri hiyo yanaunguza kama soda kali. Yakiingia katika macho ao ngozi, muoshe kwa maji mengi dakika 15 na zaidi, kisha lopitali.

Maulizo ya kujipima

– Kwa nini tunapima motokari motere ikiwa baridi?
– Batri mupya ni sawa na litre ngapi kwenu?
– Waya ya rangi ya machungwa inatuambia nini?

Muyajibu pamoja na bibi nyumbani, kwa maana feza ni ya jamaa nzima. Muuzishaji akikataa kipimo kimoja tu, mumushukuru na kwenda zenu.