Gitaa Moja la Kukuvusha Wiki Nzima

Haya mdogo wangu, vuta kiti tuongee. Swali lako nimelipata, na usidhani umeliuliza peke yako. Kutoka Likoni hadi Lunga Lunga ni lile lile. Ijumaa unapiga hotelini Diani, Jumamosi umeitwa harusini Msambweni, Jumapili asubuhi wanakungoja kanisani Ukunda, na katikati ya wiki kuna baa inayotaka zilizopendwa. Mfukoni una pesa za gitaa moja tu la umeme. Ununue lipi?

Kabla sijakujibu, nikuulize mimi. Hilo gitaa ambalo picha yake umeihifadhi kwenye simu na kila usiku unaifungua kuitazama, unalitaka kwa kazi hizi, au unalitaka upigwe nalo picha? Usinune, nauliza kwa mapenzi. Najua inavyokuwa. Umemwona mpiga solo wa Kongo kwenye video, gitaa linang'aa mpaka linatia wivu, na tangu siku hiyo roho haikutulia. Akipenda, chongo huita kengeza. Uzito unaokuvunja bega unauita uzito wa sauti, kutu unaiita ukale, na deni unaliita uwekezaji. Wengi wamepita hapo, na si dhambi. Dhambi ni kuwaficha watu wa nyumbani bei yake.

Sasa tuzungumze kazi. Pale hotelini mgeni ataomba "Jambo Bwana", ule wa Them Mushrooms wa mwaka 1982, na mwenzake ataomba "Malaika" kabla hujamaliza. Wakishiba watataka reggae, kisha yuko mzee mmoja lazima aulize kama mnajua Santana. Kule harusini wanawake wanataka chakacha, na hapo gitaa lako linatakiwa likate fupi fupi, kavu, limfuate mpiga ngoma bila kumkanyaga. Wakichoka kukata viuno watadai taarabu, na watu wetu wa huku karibu na mpaka wanaijua ile ya Tanga, ya Black Star na Lucky Star walioliingiza gitaa la umeme ndani ya taarabu, Shakila akiimba. Usiwadanganye, masikio yao ni makali. Baa inataka Les Wanyika, waliojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978 na kutuachia ridhimu ambayo mpaka leo vijana wanaihangaikia. Yuko pia atakayetaka bango ya Mzee Ngala, na hapo kazi yako ni kukaa nyuma ya saksofoni kwa adabu.

Hebu tazama kitu kimoja katika orodha hiyo. Karibu zote zinataka sauti safi. Fundi Konde, mtoto wa pwani yetu na mmoja wa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme, msikilize tena leo jioni: hakuna makelele wala kukwaruza, noti zimesimama wima moja moja. Ukihesabu dakika za usiku mzima, zile unazohitaji sauti chafu ya kunguruma hazifiki hata robo saa. Basi kwa nini unataka kununua gitaa lililoundwa kwa ajili ya robo saa hiyo? Hapo ndipo ninapowagombeza. Mnanunua solo, na wiki nzima mnalipwa kwa ridhimu.

Twende kwenye pikapu, maana ndizo sauti yenyewe. Iko ya koili moja, ile aliyoiweka Leo Fender kwenye Telecaster na baadaye kwenye Stratocaster ya mwaka 1954. Sauti yake ni kali na nyeupe, na kwa chakacha na benga mimi sijaona mpinzani wake. Lakini ina tabia ya kunasa mvumo wa umeme, na Diani utaujua mvumo huo vizuri. Taa za rangi ziko juu ya kichwa chako, friji za baa ziko nyuma ya ukuta, stima inapotea na jenereta inashika, na gitaa linaanza kuvuma mmm wakati meneja anawakaribisha wageni. Kila mtu anageuka kukutazama wewe. Gibson waliutafutia dawa: fundi wao Seth Lover alifunga koili mbili zinazopingana, mvumo wa hii ukafuta mvumo wa ile, na kufikia mwaka 1957 pikapu hizo zilikuwa zinauzwa ndani ya magitaa yao. Sauti yake ni nene, imetulia, solo inapendeza. Ila ukiipigia ridhimu ya mbio, noti zinashikana mikono na msikilizaji haelewi umesema nini.

Kwa hiyo mimi jibu langu ni hili, na wenye mapenzi na Les Paul ya Gibson wanisamehe. Tafuta gitaa la mbao nzima, lenye koili mbili nyuma karibu na daraja, koili moja katikati na koili moja shingoni, na swichi ya nafasi 5. Gitaa la kazi ni kama leso ya mama: asubuhi inambeba mtoto, mchana inafunika chakula, jioni inavaliwa harusini, na hakuna anayeuliza kama ni ile ile. Ukiweka swichi kati ya pikapu ya shingoni na ya katikati, utapata ile sauti tamu ya rumba, na kwa magitaa mengi ya sasa nafasi hiyo pia inaua mvumo. Ukihama nyuma kabisa, unayo solo yako na Santana wa yule mzee. Yamaha wana Pacifica, wanaitengeneza tangu mwaka 1990, na ile 112V ukivuta kitufe cha toni juu, koili mbili za nyuma zinakuwa moja. Squier nao wana za mpangilio huo. Sijalipwa na mtu kusema haya. Nayasema kwa sababu ni magitaa ambayo mtu wa mshahara wa hoteli anaweza kuyaota bila kuugua.

Na lile la tumbo wazi lenye matundu mawili mazuri kifuani? Najua linavyokuvuta. Kwa rumba ya taratibu linaliza watu. Lakini jukwaa letu unalijua, spika ya kujisikilizia iko magotini mwako na ngoma ziko mgongoni. Likianza kupiga mluzi katikati ya wimbo utatamani sakafu ikumeze. Liache mpaka uwe na la pili.

Sasa daraja, na hapa naomba unisikilize kuliko kote. Usinunue lile la kuelea, lenye mkono wa kutetemesha sauti na vifungo vya kukaza kwa ufunguo. Uzi mmoja ukikatika, nyingine 5 zote zinapoteza sauti papo hapo. Fikiria ni Msambweni, bibi harusi ameshafika mlangoni, vigelegele vimepanda, uzi wa kwanza umekatika na wewe umeshika kitu kisichoweza kupiga hata kodi ya G. Mama wa bibi harusi hatajali jina la gitaa lako. Atakukumbuka kwa miaka, na atawaambia dada zake wote wenye mabinti.

Lakini magitaa mengi ninayokusifia yana mkono huo, ule wa kawaida wa springi. Usiogope. Fungua kifuniko cha mgongoni, kaza skrubu zinazovuta springi mpaka bamba la daraja lilale kabisa juu ya mwili wa gitaa. Kisha mwendee seremala yeyote wa Ukunda akukatie kipande cha mbao ngumu, ukichomeke pale ndani kati ya kile chuma cha daraja na ukuta wa mbao, kibane kisawasawa. Mkono wenyewe uuchomoe uuache nyumbani. Daraja halitikisiki tena. Uzi ukikatika utamaliza wimbo kwa zile 5, na ukiwa mjanja hakuna atakayejua isipokuwa mpiga besi wako, ambaye naye atakucheka tu.

Tukija kwenye bahari, mimi huwa najiuliza kama nyinyi mnakumbuka mnaishi wapi. Hewa ya Diani imejaa chumvi. Uliyepiga ufukweni jana usiku, nyuzi zako asubuhi zimeshaanza kukwaruza vidole, na vyuma vya shingoni vimepata ukungu wa kijani. Kata kipande cha leso kuukuu, kiwe cha pamba, kikae ndani ya mfuko wa gitaa siku zote. Ukishuka jukwaani futa kila uzi juu na chini, futa daraja, futa shingo kwa nyuma palipo na jasho lako. Ni kazi ya dakika mbili, kabla ya soda na kabla ya kuzungumza na wale wasichana. Nyuzi zilizopakwa utando zinauzwa ghali zaidi, lakini kwa mtu wa pwani zinarudisha pesa. Na usiliache ndani ya gari lililofungwa madirisha saa saba mchana. Gundi na rangi havikuumbwa kwa jua hilo.

Yule anayekwenda na boda nimemwona. Gitaa mgongoni, shingo imechomoza juu ya kofia yake, kila tawi la mwembe linalisalimia. Ukiwa na akiba, mfuko mnene usiopitisha maji ununue siku ile ile ya gitaa, usisubiri. Ukivuka na feri pale Likoni lilete mbele ya kifua, ule msukumano hauna heshima kwa msanii.

Kuna kijidude kidogo ambacho huwadhalilisha watu kuliko vyote: jeki, pale unapochomeka kebo. Nati yake hulegea kwa kukanyagwa kebo. Ikilegea, jeki inazunguka, nyaya za ndani zinajinyonga, na gitaa linaanza kukohoa. Ukisikia linakohoa usilipige kofi. Ikaze nati, na kama waya umeshakatika, fundi wa redio mtaani atakuunganishia kwa risasi kwa pesa kidogo sana. Jifunze kumtazama anavyofanya.

Na umeme wenyewe, jamani. Volti 240 si za kuchezea. Kuna majukwaa ya ufukweni nyaya zimepita juu ya mchanga uliolowa, na mpigaji amesimama miguu mitupu kwa sababu mgeni amependa "hali ya pwani". Kama soketi haina waya wa ardhini, mkono wako uko kwenye nyuzi na mdomo wako unagusa maikrofoni, wewe ndiye unayekuwa waya. Vaa viatu vya mpira. Ukihisi mchomo hata mdogo wakati wa kujaribu vyombo, weka gitaa chini na umwambie meneja kwamba hupigi mpaka fundi aje na tesita. Akikasirika akasirike. Mama yako hana mwana wa akiba.

Pesa sasa, na hapa najua mtainamisha vichwa. Desemba Diani imefurika, tipu zinaingia, unajiona tajiri na unachukua mkopo wa simu ukanunue gitaa la ndoto. Januari unalipa. Machi unalipa kwa kuhema. Aprili masika yanashuka, wageni wanapungua, hoteli nyingine zinapunguza bendi, nyingine zinafunga zipige rangi, na mkopo haujui habari ya masika. Mei unaliuza kwa bei ya kutupa, tena kwa yule yule uliyemringia nalo. Aibu hiyo ndiyo inayowafanya wengi waache muziki kabisa wakarudi kukaa kimya nyumbani, na mke anadhani amekasirikiwa yeye. Nunua kwa pesa uliyonayo, na usiimalize yote kwenye gitaa. Kuna nyuzi za akiba, kebo mbili nzuri, mfuko, na kumlipa fundi alirekebishe shingo na urefu wa nyuzi. Gitaa la bei ya kati lililorekebishwa vizuri linalishinda la kifahari lililotoka dukani likaachwa hivyo hivyo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Wala usijitulize na gitaa la kuazima la mwenzako wa bendi. Mtumai cha nduguye hufa maskini. Leo mmeelewana, kesho ana kazi yake Tiwi saa ile ile, na wewe unabaki kuomba radhi kwenye simu.

Dukani nenda asubuhi, na usiende na rafiki anayependa kusifia. Lishike ukiwa umesimama, mkanda begani, dakika ishirini nzima, kwa sababu harusini utasimama masaa. Lipige kwanza bila amplifaya. Likiwa halina uhai bila umeme, umeme hautalifufua. Pita kila noti ya kila uzi kutoka juu hadi chini ya shingo usikie kama kuna inayozimika. Kisha lichomeke, zima pedali zote, na upige ile ridhimu yako ya kila Jumamosi, si ile solo uliyoifanyia mazoezi ya kuwavutia wauzaji.

Nimebakisha wewe binti wa Msambweni uliyeniuliza kama mikono yako ni midogo mno kwa gitaa la umeme. Nani amekwambia hivyo? Urefu wa uzi kwenye magitaa ya aina ya Fender ni kama milimita 648, wa Gibson ni kama 628, na tofauti hiyo vidole vinaisikia. Jaribu yote mawili, tena utafute shingo nyembamba, na uanze na nyuzi za namba 9 badala ya 10. Wale wa bendi wakikuambia uimbe tu, waambie utaimba huku unapiga.